Eldoret–Naivasha, Masaa Mawili

Kutoka kiwanja cha ndege cha Eldoret hadi kile kiwanja kidogo cha Naivasha, ndege ndogo huchukua dakika arobaini. Gari huchukua karibu masaa manne, na dereva kichaa anaweza kupunguza nusu saa kama malori ya mteremko wa Salgaa yatamhurumia. Mtu akikutajia hesabu nyingine, mwangalie vizuri usoni. Weldon Kipkirui wa Kariandusi alitaja masaa mawili. Alitaja kwa miaka tisa, na kutaja hakukumtosha. Alienda Nakuru mjini akatengenezewa stika ya herufi za manjano, akaibandika kwenye kioo cha nyuma cha gari la kazi, Probox nyeupe: ELDORET–NAIVASHA, MASAA MAWILI. Kuna watoto pale Kariandusi waliojifunza kusoma kwa kioo hicho.

Stika hiyo iliua mtu. Hebu sikiliza ilivyoua.

Weldon alizaliwa upande wa Molo, kwenye shamba lililokuwa la mzungu, ambako baba yake alikamua ng'ombe wa watu hadi vidole vikapinda. Shule ilimshinda darasa la saba. Akawa utingo wa lori la viazi, akilala juu ya magunia kwenye baridi ile ya Molo inayopasua midomo, na wenzake wakamwita Kiazi. Aliitwa Kiazi hadi akafika miaka thelathini, ana mke na mtoto nyumbani. Dharau ya namna hiyo haimtoki mtu kwa sabuni. Alipopata leseni alihamia Kariandusi, karibu na machimbo ya udongo mweupe, akaingia kwenye steji ya madereva wa kiwanja cha Naivasha. Kazi yao ni kubeba wageni wa mashamba ya maua na mafundi wa mitambo ya mvuke, na kufuata mizigo Eldoret, maana ndege kubwa za mizigo hutua huko. Akashikana na Mwaura, dereva mwenzake na jirani yake, mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Wakanunua Probox moja, nusu kwa nusu. Leo zamu yako, kesho yangu. Kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kugombana zaidi ya dakika tano.

Sasa hayo masaa mawili yalitoka wapi? Yalitoka angani. Miaka tisa kabla ya kifo hicho, mwezi wa saba, Weldon alitumwa Eldoret kufuata boksi la miche ya waridi iliyofungwa na barafu, na lazima ifike shambani Naivasha kabla ya chakula cha mchana, la sivyo itupwe. Alilipokea saa nne kamili asubuhi. Kabla hajatoka getini, injini ilichemka, ikatoa moshi mweupe, ikafa. Akakaa juu ya boneti na boksi mapajani, machozi yakimlengalenga. Rubani mmoja kijana, aliyekuwa anairudisha ndege ndogo Naivasha bila abiria, alimwona, akamwambia, "Boss, panda twende." Weldon akapanda. Saa sita kamili alikuwa amesimama kwenye steji ya Naivasha, boksi begani.

"Umetoka Eldoret saa ngapi?" madereva wakamuuliza.

"Saa nne."

"Na gari iko wapi?"

"Iko kwa fundi. Imechemka na mbio."

Hakuwa amepanga kudanganya. Maneno yalitoka yenyewe, na kabla hajayarudisha wenzake walikuwa wameshamwinua juu juu wakiimba. Kuanzia siku hiyo akawa Rubani. Mtu mzima aliyeitwa Kiazi, sasa hata mchungaji kanisani anamwita Rubani. Angeyarudisha vipi? Aliyejua ukweli kwenye steji nzima ni Mwaura peke yake, kwa sababu ndiye aliyekwenda naye kesho yake kulivuta gari kutoka Eldoret. Njiani Mwaura alicheka hadi akashika tumbo. Kisha akanyamaza na siri ile, akamwacha rafiki yake aitwe jina zuri.

Haya. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa tisa, na zamu ilikuwa ya Mwaura. Alfajiri alimpeleka mgeni Eldoret, akamshusha, akanywa chai, akalipia parking, akatoka. Risiti ya geti ilisema saa tano na dakika hamsini na mbili. Timboroa mvua ilimkuta, na matope ya malori yakalipaka gari hadi madirishani. Kanuni ya steji yao ni moja tangu zamani: gari chafu halipokei mgeni wa ndege. Mwaura alikuwa na wageni wa kupokea Naivasha saa kumi na moja jioni. Kwa hivyo alisimama Nakuru, akaoshewa gari, akaendelea.

Lakini kabla ya hapo, saa saba na nusu, watoto wakirudi shuleni kutoka chakula cha mchana, Probox nyeupe ilimgonga Emmy, msichana wa miaka kumi na moja, pale pale Kariandusi. Ilimrusha ng'ambo ya mtaro, ikasimama kidogo, ikageuza, ikakimbia kurudi upande wa Nakuru. Hakuna aliyeshika namba, na vumbi halikumwacha mtu aone kioo cha nyuma. Baba yake, Kosgei, mpakiaji wa magunia kwenye machimbo, alikuja mbio akiwa mweupe kichwa hadi miguu kwa vumbi la kazi. Alimwinua mtoto, na shingo ya mtoto ikaanguka upande usiofaa. Akakaa naye chini, kwenye lami. Watu wakajaa, wakakata miti, wakaziba barabara, na kwa karibu masaa mawili hasira ile ikatokota bila mtu wa kuiepua.

Saa tisa na robo Mwaura akatokea, anatoka upande wa Nakuru, Probox nyeupe inang'aa, maji bado yanachuruzika chini ya milango.

Angeweza kugeuza. Hakugeuza, kwa sababu hawa walikuwa majirani zake. Alishusha kioo aulize kuna nini, na walimtolea kwenye kioo hicho hicho.

Kofi la kwanza alilipata kabla hajajua kosa. Baada ya kofi zikaja ngumi, na baada ya ngumi ukaja ubao wenye msumari. "Umeua mtoto ukaenda kuosha damu," mwanamke mmoja alimwambia, na wala hakupaza sauti. Hapo Mwaura akaelewa. Alitia mkono mfukoni, akatoa ile risiti, akaiinua juu ya kichwa.

"Nilikuwa Eldoret," alisema, damu ikimtoka puani. "Someni. Saa tano na hamsini na mbili nilikuwa Eldoret airport."

Jamani, kuna mambo hayafai kumpata mtu mwema. Wakasoma. Kijana mmoja akahesabu kwa vidole: toka saa sita kasoro hadi saa saba na nusu, ni saa moja na nusu na dakika chache. Kisha akazunguka nyuma ya gari akakisoma kioo kwa sauti. Eldoret–Naivasha, masaa mawili. Na ukitoka Eldoret, Kariandusi unaipita kabla ya Naivasha. Ukitoa kile kipande cha kutoka hapa kupitia Gilgil hadi Naivasha, inabaki saa moja na nusu, haizidi haipungui. Hesabu ilikubali kila upande. Risiti aliyodhani itamwokoa ndiyo iliyomfunga kamba.

"Hiyo ya kioo ni maneno tu," Mwaura alisema. "Iteni Weldon. Yeye atawaambia."

Weldon alikuwa shambani kwake akipalilia. Alikuja mbio na jembe mkononi. Alimkuta rafiki yake amepigishwa magoti, jicho moja limefumba, sikio limechanika, mkono wa kushoto unaning'inia kutoka begani. Kosgei alikuwa amesimama mbele yake na jiwe la kubebwa kwa mikono miwili. "Ngojeni," Kosgei aliwaambia watu. Na watu wakangoja. Hilo lisisahaulike. Mtu aliyefiwa mchana ule ule, maiti ya mtoto iko hatua kumi kutoka kwake chini ya shuka, bado alitaka kuuliza kwanza.

"Rubani," akasema, "wewe ndio unajua hii barabara kutushinda sisi wote. Kutoka Eldoret airport mpaka hapa ni masaa mangapi?"

Basi. Swali lilikuwa hilo tu, na jibu lilikuwa neno moja: matatu. Lakini Weldon aliinua macho akaona Kariandusi nzima. Mchungaji yupo, mwalimu yupo, vijana wa bodaboda wanaompigia saluti kila asubuhi wapo, na kati ya wanafunzi yupo binti yake mwenyewe, Linah. Wote wanamngoja Rubani. Lile jina la zamani, Kiazi, likampanda kooni. Mwaura alimtazama kwa jicho lililobaki, bila hasira hata kidogo, anangoja tu, vile alivyozoea kumngoja asubuhi apokee funguo.

"Inategemea," Weldon akasema. "Inategemea na dereva."

Kosgei aliitikia kwa kichwa, akalibwaga jiwe juu ya kichwa cha Mwaura.

Sauti ya pigo lile ndiyo iliyomfungua Weldon mdomo. Akaanza kupiga kelele kwamba ni masaa matatu, kwamba masaa mawili ni uongo, kwamba hakuna mtu amewahi, na huku anapenya katikati ya watu akisukuma kwa mpini wa jembe. Nani angemsikiza? "Miaka tisa ni mawili, leo ni matatu kwa sababu ni rafiki yako?" mtu alimuuliza, akamgonga mdomoni na kipande cha bomba. Meno manne yalitoka kwa pigo moja. Alianguka juu ya miguu ya Mwaura, wakawapiga wote wawili pamoja, kwa fimbo, kwa mawe, kwa viatu vya kazi. Waliopiga walikuwa wa kila kabila linaloishi pale, mtu asije akakudanganya kwamba hii ilikuwa habari ya kabila. Weldon aliusikia mkono wake ukivunjika. Mwaura hakusikika akisema lolote tena.

Polisi walifika saa kumi na moja kasoro, wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika mashambani. Mwaura alikata roho nyuma ya Land Cruiser kabla hawajafika Gilgil. Muda huo huo ndege ya wageni wake ilikuwa inatua Naivasha, na wageni wakasimama na mizigo yao wakingoja gari.

Weldon alilazwa wiki tatu. Kosgei alishikwa, akaachiliwa, kwa kuwa Kariandusi nzima haikuona kitu. Probox iliyomgonga Emmy haikupatikana, na nani angeitafuta wakati mwenye kosa ameshazikwa? Hivyo ndivyo watu walivyosema. Ngigi, mtoto wa kwanza wa Mwaura, alipigwa shuleni hadi akatapika, akiitwa mtoto wa muuaji. Mbwa wao alikutwa amekatwakatwa na panga mlangoni. Mugure, mjane wa Mwaura, alimzika yule mbwa, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kwa chifu.

"Watu wakigombana juu ya mpaka wa shamba," Mugure alimwambia chifu, "si hutembea mpaka wote pamoja, huyu na huyu, mpaka waone?"

"Ndio, mama."

"Basi hii barabara itembewe. Weldon aendeshe. Mimi nikae ndani. Na mwenye kushika saa awe Kosgei."

Chifu alidhani huzuni imemvuruga akili. Lakini alimwita Kosgei, na Kosgei hakukataa. Tangu siku ile alikuwa hapati usingizi, na mke wake alikuwa amerudi kwao na watoto waliobaki.

Kwa hivyo Jumanne moja mwezi wa kumi na moja, Probox ile ile ilitoka kwenye geti la kiwanja cha Eldoret, saa tano na dakika hamsini na mbili. Weldon alishika usukani na mkono uliokuwa umetoka plasta juzi. Kosgei alikaa mbele, risiti yenye doa la damu gotini, simu mkononi ikionyesha saa. Mugure alikaa nyuma, chini ya ile stika ambayo hakuna aliyekuwa ameibandua.

"Kimbiza," Kosgei alisema. "Ukiendesha pole nitajua unamtetea."

Weldon alikimbiza. Mungu anajua alikimbiza, na hakuwahi kukimbiza hivyo katika miaka tisa ya kujisifu. Cheptiret alilipita trekta kwa nje, tairi mbili kwenye changarawe. Burnt Forest alimkosa mwanamke mwenye maziwa kwa upana wa kiganja, na mtungi ukavingirika barabarani nyuma yao. Walipoanza kupanda Timboroa ukungu ulifunga, akawasha taa na hakupunguza. Kwenye kona moja alilipita lori la viazi bila kuona mbele, na basi likatokea, likapiga honi moja ndefu, kioo cha kando cha Probox kikang'oka kikaenda zake. Mugure aligonga kichwa dirishani akapasuka kwenye nyusi. Damu ilimshukia shavuni, akaifuta na mkono wa sweta.

"Nipunguze, Mama Ngigi?" Weldon akamuuliza.

"Endesha."

Alikuwa analia wakati huo, Weldon, kamasi na machozi pamoja, kwa sababu kila kilomita aliyoipata ilikuwa inamtia Mwaura hatiani na kila kilomita aliyoikosa ilikuwa inamtia yeye. Kosgei hakutazama barabara. Alitazama saa. Walipita Mau Summit, wakaanza kuteremka kuelekea Salgaa, malori yamepanga mstari mrefu, breki zinanuka. Weldon akaingia upande wa wanaopanda, akarudi, akaingia tena.

"Simama," Kosgei akasema.

Weldon alikanyaga breki, gari likasota, likakaa kando ya barabara, pua karibu na mtaro. Kosgei alimwonyesha simu. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Hii ndio saa Emmy aligongwa," Kosgei alisema. "Hapa ni wapi?"

"Ni karibu na Salgaa."

"Na Kariandusi?"

"Iko mbele. Tuvuke Salgaa, tuvuke Nakuru, twende mpaka Elmenteita, ndio tufike. Saa nzima, hata na hizi mbio."

Kosgei alifungua mlango akatoka. Alisimama akaiangalia barabara inavyoteremka na malori yake. Wengine wawili nao wakatoka. Malori yalipita yakitikisa nyasi.

"Sasa wewe ulifika vipi kwa masaa mawili?" Kosgei akauliza, bila kugeuka. "Ile siku ya maua."

"Nilikuja na ndege," Weldon akasema. Alisema kwa lile pengo la meno, lakini maneno yalitoka wazi. "Gari iliharibika Eldoret. Rubani mmoja akanibeba. Watu wakafikiri nimeendesha, nikanyamaza. Mwaura alijua."

"Na siku ile nilipokuuliza?"

"Nilijua ni matatu. Niliogopa watu watanicheka."

Kosgei aliinama akaokota jiwe. Lilikuwa jiwe la mkono mmoja tu. Alimjia Weldon, na Weldon hakurudi nyuma. Aliteremsha mikono, akafumba macho. Mkono wa Kosgei ulipanda, kisha akampita na kulipiga jiwe kwenye kioo cha nyuma. Alipiga tena na tena, hata kioo kilipokwisha alipiga mlango, alipiga bodi, hadi vidole vyake vikachanika na jiwe likamtoka. Halafu akakaa chini kati ya vile vipande vyenye herufi za manjano, akaanza kulia. Hakumtaja Emmy. Alimwita Mwaura, jina lake tu, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya ua.

Weldon alibaki amesimama. Mugure akaja upande wake, damu imekauka shavuni.

"Ulijua?" Weldon akamuuliza. "Habari ya ndege."

"Nilijua tangu jioni ile mlipovuta gari kutoka Eldoret. Lakini ningesema mimi, nani angeamini mjane?"

"Nisamehe, Mama Ngigi."

Mugure alikuwa akimtazama Kosgei pale chini.

"Kila ukipita na watu wakikupigia makofi, Mwaura alikuwa akicheka peke yake," akasema. "Siku moja nikamwambia, si umwambie huyu mtu awache huu uongo. Akaniambia, wachana naye. Uongo wa Weldon haujawahi kuumiza mtu."